Kiti cha Wateja

Duka la vikwembe lilipofungwa, Mama Louise alikunja vitenge ambavyo wateja walikuwa wamevishusha bila kununua, akavipanga kwenye rafu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kiti cha wateja kikatoka pia, kikamfuata barabarani kuelekea kwake, mtaa wa Kataki.

Kilikuwa kiti cha plastiki cha buluu, mguu mmoja umefungwa waya. Kukikalia ilikuwa haki ya mteja na, wateja wasipokuwapo, ya Papa Valère. Papa Valère alikuwa msimamizi wa duka. Kusimama kwenyewe alimwachia Mama Louise.

Alikuwa amesimama pale tangu kitinda mimba wake aanze shule, na sasa kitinda mimba ana ndevu. Mishipa ya miguu ilikuwa imemvimba na kujisokota chini ya ngozi, minene kama nyungunyungu wa masika. Kila jioni mishipa hiyo iliwaka moto. Aliificha kwa kikwembe kirefu cha kuburura vumbi, maana aliamini aibu ni yake, si ya duka. Sasa kiti kinamwandama mjini kama vile amekiiba. Aliona haya hadi masikio yakamchoma.

Asubuhi alikirudisha, kimefutwa vumbi.

“Mama Louise, kiti kililala wapi?”

“Kwangu, Papa. Kinanifuata tu.”

Papa Valère alifikiri kidogo. “Haina neno. Lakini usikikalie, Mama. Kitachoka, na wateja wanakuja mapema.”

Hakukikalia. Kutwa nzima, kila duka lilipokuwa tupu, kiti kilijisogeza nyuma ya magoti yake, naye akakisukuma taratibu kwa kisigino, akitazama pembeni.

Jioni, yeye na Hidaya, muuzaji wa duka la dawa la jirani, walipofika relini, Mama Louise alishika nguzo. Miguu ilikuwa imekataa. Kiti kikaja, kikatulia nyuma yake.

“Kaa basi, Mama,” Hidaya alisema. “Papa Valère haiko hapa.”

“Nikikaa, kikwembe kitapanda.”

“Kikipanda, njo nini?”

“Muntu ataona.”

Hidaya aliinama, akavuta sketi yake mwenyewe ifunike vifundo vya miguu.

Nyumbani, kabla ya kuvua nguo, Mama Louise alikigeuza kiti kielekee ukutani.

Wiki iliyofuata, stuli ya duka la dawa ilitoka ikimfuata Hidaya. Mama Louise aliiona. Neno lilikuwa mdomoni: mwanangu, hata mimi, tazama. Angeinua kikwembe kidogo tu, pale pale njiani, na mwenzake asingekuwa peke yake. Alilimeza. Akageukia ziwa lililo kando ya barabara, akasema limechafuka leo. Lilikuwa shwari. Hidaya akakubali kwamba limechafuka.

Siku hizi, saa za kufunga, barabara hujaa viti. Kinatoka kiti cha duka la mikate, cha saluni, cha shule. Kila kimoja kinamfuata mwanamke wake, na kila mwanamke anatazama mbele kana kwamba nyuma hakuna kitu. Wenye pikipiki wamezoea kuvipisha. Relini wanawake husimama kupumzika, wameshika nguzo, na viti vinangoja nyuma yao, vitupu.

Asubuhi viti hurudishwa, vimefutwa vumbi, na wasimamizi wanakaa.