Tuta la Mama Chiriku

Kengele ya shule ilipolia, Mama Chiriku alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Duka lake la sare lilitazamana na lango la shule, barabara kuu ikiwa katikati. Aliinua macho akamwona bintiye amesimama juu ya lami, mkono mmoja hewani, kiatu kimoja mguuni, anawavusha wenzake. Chiriku alifia pale pale mwaka uliotangulia, alipogongwa na lori la kokoto. Mama alimaliza kutunga uzi, maana kulikuwa na sketi inasubiriwa, kisha akatoka kumwambia afunge vifungo vizuri.

Tangu hapo alikuja kila siku ya shule. Hakuitwa Chiriku bure. Hata kifo hakikumpunguzia maneno. Aliwakemea wakubwa, akawashika mikono wa chekechea, akawauliza nani kawafunga kamba za viatu hovyo namna ile. Madereva wengi walisimama. Wenye haraka walimpitia katikati, wakahisi baridi magotini, na mguu ukashuka wenyewe kwenye breki. Hakugongwa mtoto tena. Wazazi walimshukuru Mungu, wakaendelea na shughuli zao.

Jioni Chiriku aliingia dukani na sare iliyochanika kila mahali gari lilipompitia. Mama alimkalisha kwenye kigoda, akatia viraka.

"Inauma?"

"Kidogo tu, mama. Kama sindano."

"Sindano ya daktari au ya cherehani?"

Chiriku akainama, akaanza kuhesabu vifungo vyake. Mama alilia baadaye, peke yake, huku akipiga pasi. Hakuwa na ombi kubwa. Alitaka magari yapunguze mwendo ili mwanawe akalale kama wafu wengine.

Kesho yake alivaa gauni la kutokea, akaenda halmashauri. Karani wa mapokezi alimuuliza shida yake.

"Naomba tuta, dada yangu."

"Moja?"

"Hata moja tu litatusaidia."

"Nenda nyumbani, mama. Utaletewa mtu."

Mtu akaja kweli. Alikuwa bwana shamba, na jembe begani na mzigo wa marando ya viazi vitamu. Alipoelezwa kwamba tuta linalotakiwa ni la kupunguza mwendo wa magari, alivua kofia.

"Pole sana, mama. Mimi nimetumwa tuta, na ninalolijua ni hili."

Mjumbe hauawi. Mama alimpa maji ya kunywa, naye, kwa kuwa hakupenda kurudi na marando, akainua tuta zuri kando ya barabara. Lilikuwa na urefu wa mtoto aliyelala. Kabla ya kuondoka alimwelekeza ofisi ya mhandisi wa barabara.

Mhandisi, alipopatikana baada ya wiki mbili, alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomchosha zaidi.

"Mama, ajali haina kinga," alisema. "Tangu msiba wako, wamegongwa wangapi hapo?"

"Hakuna. Binti yangu anawavusha."

"Yule marehemu?"

"Huyo huyo."

"Anakuja kila siku?"

"Jumamosi na Jumapili anapumzika."

Mhandisi alitikisa kichwa kwa heshima. "Basi nyinyi mna kinga. Sisi matuta tunayapeleka wanakokufa watu, na hata huko hayatoshi. Kuna shule zinazika kila muhula, na wafu wao hawajarudi hata mmoja. Kwenu hafi mtu."

"Yeye alishakufa."

"Poleni sana," alisema mhandisi, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Mama aliporudi alimkuta Chiriku ameketi juu ya tuta la viazi, miguu ameinyoosha, anasubiri kengele. Marando yalikuwa yameshika. Mama akaketi pembeni yake, akatoa sindano kwenye kola ya gauni, akaanza kushona bega lililofumuka asubuhi.

"Wamekubali?"

"Hawajakubali."

"Na mimi nikichoka?"

"Nitakupokea, mwanangu. Umri umekwenda. Zamu yangu haiko mbali."

Chiriku alilifikiria hilo. "Utaweza kupaza sauti? Wale wa chekechea masikio yao ya mapambo."

"Utanifundisha."

"Na mkono uinue hivi. Si hivyo, hivi."

Mama akainua mkono alivyoelekezwa, sindano ikiwa bado vidoleni. Alifurahi kuketi naye, na alijionea aibu kufurahi.

Kengele ikalia. Mama akaukata uzi kwa meno. Chiriku akasimama, akakung'uta udongo wa sketi, akaingia barabarani. Kilimani lori la kokoto lilikuwa linateremka, wala halikupunguza mwendo. Mama akaichomeka sindano kwenye kola, akarudi dukani kutafuta kitambaa cha kiraka.