Pini za Ukutani

Watu wa mtaa wetu huniita Mama Pampu, na sijawahi kukasirika. Msimu wa kupulizia nyumba dawa ya mbu ukifika navaa ovaroli, buti, kofia ngumu na barakoa, nabeba pampu ya lita kumi, naingia vyumba ambavyo hata mashemeji wa wenye nyumba hawajaviona. Najua nani kaficha sufuria mpya uvunguni na nani anajidai mjini huku godoro lake limekwisha. Siri zao zote ninazo na sijatoa hata moja. Ninayoitoa leo ni yangu.

Dawa ya msimu ule ilikuwa ile ya zamani, iliyopigwa marufuku mashambani. Ilirudishwa kwa ajili ya kuta za nyumba tu, kwa sababu mbu walishazoea dawa mpya na malaria ilikuwa imepanda. Mkufunzi wetu hakuficha. Alisema dawa hii haiozi upesi: ikiingia mtoni inakaa ndani ya samaki, ikiingia mwilini inakaa kwenye mafuta, na kwa mwanamke inatoka na maziwa. Lakini ikibaki ukutani, akasema, na watu wakifuata masharti, faida ni kubwa kuliko hasara. Nikamwuliza ni kubwa kiasi gani. Akakohoa, akageuza karatasi yake, akasema wataalamu wamepima. Mimi nimeuza nyanya miaka sita. Mtu akiniambia kitu kimepimwa, nataka niuone mzani.

Mwanangu wa pekee ni fundi cherehani, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi sita, kwa malaria, na nilikuwepo. Alikuwa mtoto wa kiume, mdogo kama kiganja na nusu, na alikuwa na kucha. Nilimfunga mimi kwa kitambaa ambacho mama yake alikuwa amekikata tayari kumshonea nguo. Chandarua mwanangu anacho na analala ndani yake, ila mbu wetu hawana subira ya kungoja mtu alale. Wanamkuta jioni kwenye cherehani, kajikunja, mguu uko kwenye pedeli, hana hata mkono wa kuwafukuza.

Siku moja kabla ya kikosi chetu kufika mtaani kwake, aliniita chumbani akafunga mlango.

"Mama, nyinyi wanawake mkiandikishwa kazi hii, si mnapimwa mimba?"

"Kila mwezi," nikasema. "Hata mimi na mvi zangu. Muuguzi ananikabidhi kikopo na wala hacheki."

Naye hakucheka. "Na akipatikana mwenye mimba?"

"Hapewi pampu."

"Kwa nini?"

Nikaona ninakopelekwa. "Kwa sababu mpuliziaji anashika dawa kutwa nzima, mwanangu. Wewe utakaa na ukuta tu."

"Kutwa nzima," akasema. "Na usiku pia."

Mkwe wangu akaingia wakati huohuo, bado ana masizi usoni, maana yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa amesikia kutoka nje. Si mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alisema machache kuliko kawaida.

"Mama, shikamoo. Mimi nilizika mmoja. Nyumba ipuliziwe."

Akachukua ndoo akaenda kuoga. Mwanangu akanishika kiganja. "Tia maji matupu, mama. Wewe ndiye unayejaza pampu. Pulizia maji, andika kwa chaki mlangoni kwamba nyumba imepuliziwa, yeye aridhike, msimamizi wako aridhike, na mimi nipumue. Nani atajua?"

Nikasema sawa. Ilinitoka kirahisi, kama mtu aliyeombwa chumvi na jirani.

Asubuhi wakatoa vitu vyote uani: kitanda, masufuria, cherehani, mafungu ya vitambaa vya wateja. Mwanangu akaenda kukaa kwa jirani. Mimi nikaenda bombani nyuma ya nyumba, nikajaza maji mpaka kwenye alama. Pakiti ya dawa ilikuwa mfukoni mwa ovaroli na nilikuwa naisikia pajani kila nikipumua. Nikajaribu kupima, mimi mwenyewe, bila wataalamu. Upande mmoja niliweka wanawake ambao dawa hii labda imewadhuru, au itawadhuru, au watoto wao, miaka ishirini ijayo. Sikumwona hata mmoja. Upande wa pili niliweka kile kitambaa na kucha zile. Nikaichana pakiti.

Nikaimimina dawa ndani ya pampu, nikaitikisa. Nikapulizia kuta zote, chini hadi juu, juu hadi chini, sikuruka hata kona. Kuta zao ni za udongo zilizopakwa chokaa, kwa hiyo weupe wa dawa ulipotelea kwenye weupe wa ukuta. Baada ya saa mbili mwanangu akaingia, akanusa.

"Mbona kunanuka?"

"Pampu hiyo, mwanangu. Imebeba dawa mwezi mzima, inuke marashi?"

Akanikumbatia, na tumbo lake likanigusa. Akasema, "Ahsante, mama. Najua umejitia hatarini kwa ajili yangu." Nikamwambia ale vizuri.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe hata mkufunzi asingelifikiria. Kila nyumba ninayopulizia naacha masharti: sogeza kitanda mbali na ukuta, usiegemee, usipachike kitu, nawa mikono kabla ya kula, wadudu waliokufa wazoe uwafukie. Nayasema hadi watu wanayamalizia kabla yangu. Mwanangu sikumwambia hata moja, wala mumewe, asije akamfikishia. Ningemwambiaje? Maji hayana masharti.

Alhamisi nilikwenda kumtazama. Alikuwa ameketi kwenye benchi lake, mgongo umeegemea ukuta kwa sababu ukuta una ubaridi na kiuno kilikuwa kinamsumbua. Karatasi zake za kukatia mitindo alikuwa amezibandika ukutani kwa pini, kama alivyofanya siku zote. Alichomoa pini moja ukutani akaitia mdomoni. Akachomoa ya pili, ya tatu, akazibana kwa midomo huku akipanga kitambaa, na huku ananisalimia kupitia pembeni.

"Toa pini mdomoni!" Nilipiga kelele hata kuku wa jirani wakaruka.

"Mama vipi? Tangu nina miaka kumi na mitano nashika pini hivi."

"Utazimeza. Umzae mtoto ana pini."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, cheko la mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wageni. Kesho yake nikamletea kimto cha kuchomekea pini, nimekishona mwenyewe, mshono wa aibu kweli. Alikisifu, akakibusu, akakitundika palepale ukutani kwa pini mbili. Nusura nilie.

Wiki sita ziliendelea hivyo. Nilimwambia asogeze benchi, akasema huko hakuna mwanga. Nilimwambia anawe mikono, akasema, "Mama, umekuwa bibi afya." Siku moja akaniambia mende wamehama nyumbani kwake, nikasema labda wamefuata wenye chakula. Mtaa wa nyuma, ambao walikataa kupuliziwa, wajawazito watatu walilazwa kwa malaria mwezi uleule. Mwanangu hakupata hata homa ya kusingizia. Mashavu yalijaa, mtoto alicheza tumboni, na mkwe wangu alianza kupiga mluzi kazini. Nilikuwa nawatazama nafurahi, kisha naona pini na furaha inakatika. Kila nilipofungua mdomo nimwambie, niliufunga. Niliogopa. Nilijiambia nangoja azae, ingawa akizaa ndipo kutakuwa na maziwa.

Ndipo akaja mkaguzi. Huwa wanachagua nyumba chache kwa kura kuona kama ukuta bado unaua mbu, na kura ikaangukia kwa mwanangu. Mkaguzi alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sanduku la vikombe vya plastiki na mbu hai ndani ya kizimba kidogo. Kazi yake unabandika kikombe ukutani, unapuliza mbu kumi ndani kwa mrija, unangoja nusu saa, unahesabu walioanguka. Nilikuwepo kwa sababu mpuliziaji wa nyumba hutakiwa kuwepo.

Alipokuwa nje anafungua sanduku, mwanangu akanivuta pembeni. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Mama, mbu wote watakuwa hai. Watakufukuza kazi."

"Usijali."

"Nisijali vipi? Nimeshafikiria. Nitasema kosa ni langu, kwamba mlipoondoka nilipaka chokaa juu ya dawa. Wewe nyamaza tu. Nitakuokoa."

Ilikuwa nafasi yangu, Mungu aliniwekea mbele kama sahani. Ningeweza kumwambia pale pale, kwa sauti ya chini, mimi na yeye tu. Nikaenda kumfungulia mkaguzi mlango. Mkaguzi akaingia.

Akabandika vikombe vitatu, kimoja juu ya benchi, karibu kabisa na kimto changu. Mwanangu, kwa woga, akarudi kwenye cherehani ajifanye ana kazi. Akachomoa pini ukutani, moja baada ya nyingine, akazitia mdomoni. Mimi nilikuwa natazama midomo yake, yeye anatazama vikombe. Dakika kumi zikapita. Mbu wa kwanza akaanguka chali akawa anatikisa miguu.

Mwanangu hakuelewa. Nilimwona hajaelewa. Nusu saa ilipotimia aliinuka, akazungumza kupitia pini zake, upesi, kama mtoto aliyekariri: "Bwana mkaguzi, kama kuna tatizo ni mimi, nilipaka chokaa juu, mama yangu hana kosa..."

"Chokaa?" Mkaguzi akacheka, akamwonyesha kikombe. "Dada, chokaa gani? Kumi kati ya kumi. Na hapa kumi. Mama Pampu, ukuta huu ni moto, ungekuwa mtihani ningekupa alama zote." Akainama kuandika.

Mwanangu aliutazama ukuta. Akatazama karatasi zake, benchi, kimto. Kisha akaanza kutoa pini mdomoni, moja moja, akizipanga mezani kwenye mstari. Zilikuwa saba. Akafuta midomo kwa mkono, akautazama mkono, akaufuta kwenye gauni.

"Mwanangu," nikasema.

"Nikizaa," akasema, taratibu sana, "nimnyonyeshe?"

Hilo nililijua. Nilikuwa nimemfuata mkufunzi mara mbili kuliuliza, na muuguzi mara moja, kwa sababu lilikuwa linaninyima raha kuliko yote. Wote walinipa jibu moja.

"Mnyonyeshe," nikamwambia. "Kumnyima maziwa yako kutamdhuru zaidi kuliko kumpa. Nimeuliza, mwanangu. Wallahi nimeuliza."

Halafu akamgeukia mkaguzi, mtu aliyemfahamu kwa nusu saa tu, akamwuliza swali lilelile. Mkaguzi akamjibu vilevile nilivyomjibu mimi, na mwanangu akashusha pumzi.