Jina la Shemeji

Jobeda aliingizwa kwenye kamati ya tuta kwa sababu shirika la mjini lilisema bila mwanamke hakuna msaada. Wanaume walikaa uani kwa mwenyekiti, Mozaffar Gazi, wakakuna vichwa. Mwanamke gani? Awe anajua kuandika jina lake, na asiwe na maneno mengi. Ndipo akatajwa Jobeda, mke wa Lutfor, mdogo wake mwenyekiti. Lutfor mwenyewe alikuwa mbali kwenye matanuru ya matofali, hakutarajiwa kabla ya masika. Wote wakasema chaguo ni zuri. Lilikuwa zuri kweli kwao, maana Jobeda asingeweza kufungua kinywa mbele ya mwenyekiti huyo hata angetaka.

Kwao, mke hasemi na kaka mkubwa wa mumewe. Akimwona huvuta mtandio usoni, akapisha njia. Jina lake halitaji kabisa. Miaka kumi na miwili Jobeda alikuwa akimwita Mozaffar "Baba Mkubwa wa Parul", kwa jina la binti yake, tena maneno yapite kwa mtu wa tatu. Asipokuwepo mtu, huambiwa nguzo ya nyumba, na shemeji asikie humo humo. Wenyewe waliiita heshima, na Jobeda hakuwahi kuiita kitu kingine.

Tuta ndilo lililouzuia mto wa chumvi usimeze kijiji. Mwaka alioolewa Jobeda, maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko yote mwezini, yalifika katikati ya tuta; sasa yalikuwa yakilamba ukingo. Chini ya tuta hilo hilo Mozaffar alikuwa amepitisha bomba la kuingiza maji ya mto kwenye mashamba yake ya kufugia kamba. Hatua hamsini kutoka hapo palikuwa na bwawa la maji ya mvua. Nyumba arobaini zilikunywa humo, na hazikuwa na maji mengine matamu.

Wanaume walipita juu ya tuta kwa pikipiki. Wanawake walipita chini, kwa miguu, mara nne kwa siku, mtungi kiunoni. Kwa hiyo aliyeona alikuwa Jobeda. Siku zote pembeni ya bomba maji yalichuruzika kidogo, safi, na hayakumtisha mtu. Asubuhi hiyo yalitoka na tope.

Jirani yake Minoti alichuchumaa, akakinga kiganja, akausugua ule udongo kwa kidole.

"Huu si wa mto, shoga. Huu ni wa tuta lenyewe. Linaliwa utumbo."

"Na bamvua ni Ijumaa."

"Basi kamwambie shemeji yako! Si mjumbe wewe?" Minoti akacheka. "Au kaiambie nguzo."

Jumatatu kamati ilikutana. Ukutani palikuwa na bango la shirika: mwanamke anatabasamu, ameshika mche, na maandishi makubwa kuhusu usawa wa jinsia na tabianchi. Jobeda alikaa chini ya bango, kwenye mkeka. Wanaume walikaa vitini. Ilipofika zamu yake alimgeukia karani.

"Kaka karani, mwambie Baba Mkubwa wa Parul, bomba linatoa tope. Lizibwe kabla ya Ijumaa."

Mozaffar alisikia, hata kuku wa uani walisikia. Akangoja karani arudie, kisha akamjibu karani. "Mwambie Mama Parul, mto gani usio na tope? Kamba wangu wanangoja maji mapya ya bamvua. Nikiziba, watakufa."

"Leo tope," mzee mmoja akadakia, "kesho atatuletea habari kwamba maji yamelowa!"

Wakacheka, wakala bisi za mchele, wakanywa chai. Mwishoni karatasi ikazungushwa. Jobeda aliandika jina lake taratibu, kwa herufi zilizonyooka, na hasira zake zote hazikumzuia kuona fahari kidogo. Hakusoma yaliyoandikwa juu ya sahihi, wala hakuna aliyemsomea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini wahenga hawakueleza ufa ukiwa wa shemeji unazibwa kwa mdomo gani. Jobeda alimpigia simu Lutfor, akamwomba aseme na kaka yake. "Kaka anajua kazi yake," Lutfor akasema. "Wewe usinitafutie aibu." Jumatano Jobeda, Minoti na wanawake wengine saba walijaza udongo kwenye viroba, wakaziba wenyewe. Alhamisi vibarua wa Mozaffar wakavichimbua, kwa sababu kamba walihitaji maji.

Ijumaa adhuhuri mto ulijaa pomoni. Pembeni ya bomba maji yalikuwa yakitokota, mazito na mekundu, na tundu lilikuwa limekuwa kubwa la kuingia sufuria ya sherehe. Mfuniko wa bomba ulikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mozaffar, na Mozaffar alikuwa msikitini pamoja na kila mwanamume mwenye jembe.

Jobeda alikimbia, mtandio ukabaki kwenye mwiba. Alisimama kwenye lango la msikiti, asipokanyaga mwanamke siku ya Ijumaa, akatafuta mtu wa tatu. Hakumwona. Wote walikuwa ndani, hotuba inaendelea.

"Mwambieni Baba Mkubwa wa Parul!" akaita. "Mwambieni Baba Mkubwa wa Parul atoe ufunguo!"

Mle ndani baba wakubwa walikuwa mia. Hakuna aliyegeuka. Akaita tena, akaita mara ya tatu, na dakika zikaenda bure. Baadaye kilichomuuma zaidi kilikuwa hizo dakika, kwamba hata wakati huo alikuwa bado na adabu.

"Mozaffar!" akapiga ukelele. "Mozaffar Gazi! Ufunguo! Tuta linakwenda!"

Hotuba ikakatika. Mozaffar aligeuka, akamwona shemeji yake kichwa wazi, jina lake likiwa mdomoni mwake. Akafanya alivyofundishwa tangu utoto: akageuzia uso ukutani. "Mtoeni mwanamke huyu," akamwambia aliye karibu naye. Wengine wakasema atolewe, wengine wakasema kwanza asikilizwe, na walikuwa bado wanabishana walipousikia mto ukiingia kijijini.

Hakufa mtu. Hilo Mozaffar alilirudia sana. Lakini kabla ya alasiri samaki wa bwawa walikuwa wakielea matumbo juu. Parul alichota kwa kiganja, akaonja, akatema.

Wiki iliyofuata wazee walikaa baraza. Bomba halikutajwa. Kesi ilikuwa ya Jobeda kumwita shemeji yake kwa jina, msikitini, kichwa wazi. Alipotaka kusema habari ya tope, karani akaisoma karatasi ya Jumatatu: mjumbe mwanamke alihudhuria, hakuwa na pingamizi. Chini yake ilikuwa sahihi, herufi zimenyooka.

"Si nilisema!" Jobeda akamgeukia karani. "Kaka, si ni wewe uliyeyapeleka maneno yangu?"

Karani alitazama miguu yake. "Niliyapeleka, dada. Lakini ya kupeleka hayaandikwi."

Akaondolewa kwenye kamati. Nafasi yake akapewa mke wa Mozaffar, ambaye hakuwa ameliona tuta kwa miaka kumi na mmoja, na shirika likaridhika. Lutfor hakupiga simu. Alituma neno kupitia kwa mama yake kwamba mwaka huu haji.

Tuta likajengwa upya, na bomba likarudishwa palepale. Bwawa halikurudi. Maji matamu sasa yalikuwa mwendo wa saa mbili, na mtungi mmoja haukutosha, kwa hiyo Parul aliacha shule akabeba wa pili. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa wa tatu darasani.

Asubuhi moja, baada ya mvua kwisha, Parul alitangulia, akasimama kwenye bomba.

"Mama, njoo uone. Linatoa tope."

Jobeda aliangalia, ingawa hakuhitaji kuangalia. Juu ya tuta pikipiki ilikuwa ikija, na aliyeiendesha alikuwa Mozaffar. Kwa Parul hapakuwa na mwiko wowote, mtoto husema na baba yake mkubwa atakavyo, naye akainua mkono amwite.

Jobeda akaudaka ule mkono, akaushusha. Akavuta mtandio wake usoni, kisha akamfunika na mwanawe.

"Twende," akasema. "Beba mtungi."