Nzi wa Mkono wa Kushoto

"Huyo wa kahawia," Hiza alisema kwa upande wa mdomo uliobaki na uhai. "Mfunge huyo."

Hamisa alimtazama nzi kiganjani. Hakuwa nzi wa kweli. Ni manyoya ya jogoo yaliyozungushiwa ndoana kwa uzi, chambo cha trauti, wale samaki wa madoa ambao Wazungu waliwamwaga katika mto wa Dindira. Miaka ishirini Hiza, mumewe, aliwatunza samaki hao na kuwavulia wenye shamba la chai. Kisha kiharusi kikamlaza mkono wa kulia. Nzi huyu alimsuka kwa kushoto, wiki nzima, na manyoya yalilala upande kama kuku aliyenyeshewa.

Sasa shamba lilikuwa la serikali. Meneja mpya alisema wazi: jioni ana wageni wa mkoa. Akiletewa trauti wawili, nyumba ya mtunza mto wanayokaa inabaki yao. Asipoletewa, Jumatatu anahamia Matayo, dereva.

Na Matayo ndiye aliyetumwa aje na ndoo ya kubebea samaki. Alikaa juu ya jiwe.

"Mama Mdoe, unavua au unapunga pepo?"

"Shika ndoo yako, mwanangu."

Vidudu vya mto vilikuwa vimeanza kuibuka. Vilipanda kutoka chini, vikavua ngozi, vikakausha mabawa, vikaruka, kesho havipo. Hiza aliviona vinavyoruka. Hamisa, aliyefua nguo ukingoni hapo miaka yote akitazama, aliona jingine: midomo ya trauti haikutoka nje. Ni migongo tu iliyojipinda. Walikuwa wanavidaka kabla havijafika juu.

Ndani ya kopo lao la ndoana alikuwamo nzi mdogo mweusi, wa kuzama, aliyesukwa zamani kwa mikono miwili. Hamisa akampelekea kidole.

"Wangu hafai?" Hiza aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira, Hamisa angemchukua yule mweusi.

Akamfunga wa kahawia. Akamtupa juu ya mkondo, nzi akaelea kichwa kando. Trauti mmoja alikuja, akamkagua, akarudi zake chini. Hamisa akatupa tena. Mara kumi. Mara thelathini, hadi bega likawaka moto.

"Vizuri," Hiza alisema kila mara. "Hivyo hivyo, mama Mdoe."

Jua lilipoigusa chai ya ng'ambo, vidudu vikaisha na maji yakatulia. Matayo alisimama, akamwaga maji ya ndoo taratibu, bila kumtazama mtu.

"Nitakuja kuwabebea vitanda," akasema, akapanda kilima.

Walibaki wawili. Hiza aliushika mkono wake uliokufa, akauweka vizuri mapajani.

"Walikuwa wanakula chini," akasema.

"Sikuona, baba Mdoe."

Hiza akauelekezea mto kidevu. "Tupa tena."

Hapakuwa na samaki tena wa kutupiwa. Hamisa akatupa. Nzi alitua, akazunguka mara moja kama anayetafuta njia, akashuka na mkondo kuelekea Korogwe, naye Hamisa akamwachia mshipi, akamwachia, mpaka vidole vikabaki vitupu.