Mabamba ya Donholm

Miaka mitatu nimevuta kebo ya kuchajia magari katika uwanja wa teksi za umeme hapa Donholm, na sikuipenda hata siku moja. Gari likiingia, mimi au mwenzangu Rispa tunaikokota na kuichomeka. Likijaa chaji tunaichomoa na kuikunja. Jioni mgongo unaniuma hadi nashindwa kuinama kufungua viatu. Lakini kazi hiyo ndiyo inayonilisha mimi na wajukuu wawili nilioachiwa, na mwanamke wa miaka hamsini na sita haokoti kazi nyingine Nairobi. Kwa hiyo niliilaani kebo na kuishikilia papo hapo.

Kisha meneja wetu, Opicho, akaleta mabamba. Ni vitu vyeusi, bapa, vimelazwa sakafuni, kimoja katika kila nafasi ya kuegesha. Gari likikaa juu ya bamba sawasawa linachaji lenyewe. Dereva anashuka na kwenda zake kunywa chai. Yalikuwa sita, ya kujaribiwa wiki moja. Opicho ni kijana mpole, hunisalimia kwa heshima hata anaponiletea habari mbaya. Jumatatu asubuhi alituita.

“Mama Mwanzia, mama Rispa, hizi nafasi sita msiziguse. Tunataka kuona kama zitafanya kazi bila mtu. Zikifanya, tunaweka uwanja mzima.”

“Na sisi je?” Rispa akauliza.

“Tutaona, mama.”

Nimeajiriwa na watu wengi. Najua mwajiri akisema tutaona ameshaona.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Gari likienda upande kwa upana wa kiganja tu, bamba halishiki. Dereva akishafika juu yake, halioni tena. Ndani ya gari kuna taa ya kijani inayowaka likishika, lakini lisiposhika hakuna wa kukuambia umekosea wapi. Na dereva wa Nairobi ukimwambia habari za kupaki sawasawa atadhani unamtukana. Waliingia, wakarudi nyuma, wakaingia tena, wakatukana mama za wahandisi.

“Wacha wahangaike,” Rispa alisema, tumekaa kwenye benchi. “Hiyo kitu ikishindwa, sisi tumebaki. Wewe kaa tu.”

Nikakaa. Nikiri tu kwamba nilifurahi. Niliomba mashine ya watu ishindwe, na niliomba kwa jina la Yesu.

Jumatano saa nane akaingia mzee Makau. Huyu aliendesha malori ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, miaka thelathini kabla ya kuja kwetu, na shingo yake siku hizi haigeuki vizuri. Gari lake lilikuwa limebaki na chaji ya kufika getini tu, na magari ya majaribio kama lake yalikuwa yamekatazwa kebo. Akajaribu mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tano akazima, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akabaki hivyo.

Nilimwangalia kwa muda. Huyo mzee hakuwa amelala; angekuwa amelala ningemwacha. Alikuwa amechoka vile ninavyochoka mimi, na nilishindwa kuketi.

“Ndindi,” Rispa akaniita kwa jina langu. “Ndindi, kaa chini!”

Nikaenda nikasimama mbele ya gari. “Mzee Makau, washa. Niangalie mimi. Uniweke katikati ya boneti yako. Kuja… kuja… kata kidogo kushoto… kuja… simama!”

“Imeshika!” akapiga kelele ndani. “Mama Mwanzia, imeshika! Mungu akubariki.”

Siri yenyewe ni ndogo: dereva akiniweka katikati, na akasimama boneti inaponificha hadi kiunoni, amefika. Alhamisi kila mmoja alikuwa ananiita mama kwa Sheng, “Mathe, kuja unipange!” Nikawapanga, mvua ikinyesha. Ukishamsaidia mmoja, utamwambiaje wa pili asubiri? Rispa aliacha kuzungumza nami. Hakuwa na kosa, kazi ilikuwa yake pia.

Ijumaa Opicho akaja na tableti yake, anatabasamu. Tangu Jumatano alasiri, alisema, hakuna gari hata moja lililokosa kushika. Madereva wamezoea. Mabamba yanajitosha. Akaanza kutushukuru kwa miaka tuliyofanya kazi, na hapo nikaelewa. Kompyuta yake inajua gari limeshika au halijashika. Haijui kulikuwa na mwanamke amesimama mbele yake kwenye mvua.

“Bosi, hawajazoea,” nikasema. “Ni mimi. Mimi ndiye ninawapanga. Waulize. Nikiondoka hapa, kesho hakuna litakaloshika.”

Makau na madereva wenzake waliokuwa karibu wakaitikia, kwa nguvu kabisa, wakidhani wananiokoa. Mimi pia nilidhani hivyo.

Opicho akaniangalia kwa mshangao, halafu uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli. “Kumbe! Mama, umetusaidia sana. Hebu nionyeshe, ulikuwa unasimama wapi?”

Nikamwonyesha, nikamweleza na habari ya kiuno. Akamwita fundi. Kila nafasi itawekwa nguzo ya manjano, alisema, yenye mstari mwekundu mahali dereva anapotakiwa kuangalia. Rispa akachukua mfuko wake akaondoka bila kuaga.

Nilizunguka nafasi zote sita, nikisimama katika kila moja huku fundi akichora msalaba wa chaki kati ya miguu yangu. Kwenye ya mwisho akachukua futi kamba, akaweka ncha moja sakafuni, akavuta hadi kiunoni kwangu, akasoma namba kwa sauti. Nikamwambia aongeze inchi moja, kwa sababu hadi jana nilikuwa nikiwapanga nimevaa gambuti za mvua, na leo nilikuwa na viatu vya kawaida.