Filamu Iliyouawa na Jua

Watu wa sinema walipotoka mji mkuu kuja Likasi, kampuni ya shaba iliwaazima wafanyakazi kofia mpya na viatu vipya. Mume wangu Lambert akaambiwa acheke mbele ya tanuru. Akacheka mchana kutwa. Jioni wakamvua viatu vyao, akarudi nyumbani peku. Nilichukia kweli.

Basi nikaamua kutengeneza filamu yangu ya kuwacheka wao. Mwalimu mmoja Mbelgiji, niliyekuwa nikimfulia nguo, alirudi kwao akaniachia kamera ndogo na mkanda mmoja ndani. Nikavaa suruali ya Lambert, nikawa mwongozaji, nikapiga kelele kwa faneli ya mafuta: "Cheka, weye! Njala haionekane ku foto!" Lambert alijicheza mwenyewe, akikenua meno huku moshi wa makaa ukimtoa machozi. Mtaa mzima ulikuja kutazama.

Habari zikamfikia Théodore, mkubwa wa wafanyakazi. Akaja kwetu, akafungua kamera juani, akauvuta mkanda wote nje. Mkanda usiosafishwa ukipigwa na jua, umekufa.

"Ndio imeisha," akasema. "Na weye, Lambert, ukirudilia ile mambo, kazi hauna. Na nyumba ya kampuni utaacha."

Alipoondoka, Lambert akanitazama. "Mama Alexis, tuko na batoto."

"Najua. Basi baone baba yao anacheka kwa mapenzi yake."

Akaniuliza shuka jeupe liko wapi.

Jumamosi tulilitundika ukumbi wa parokia, tukaicheza filamu mbele yake kwa miili yetu. Tukaongeza kipande cha Théodore na kamera. Aliyemwigiza ni Emérance, muuza samaki. Yeye ni wa ukoo wa mbuzi, Théodore wa ukoo wa chui, na koo hizo ni watani tangu mababu. Mbuzi humtukana chui atakavyo, na chui akifa, mbuzi ndio wanaomzika. Chui akimkasirikia mtani wake, amejivua nguo mbele za watu.

Théodore mwenyewe aliingia ukumbini wakati Emérance, mto tumboni, anamfokea Lambert: "Umefukuzwa!" Watu wakavunjika mbavu.

Théodore akapita mpaka mbele. "Ndio vile, Lambert. Umefukuzwa kweli."

Kicheko kikakatika. Sikutoka jukwaani. Emérance akautoa mto taratibu.

"Chui," akasema, "ni kweli ao ni utani? Sema vizuri, batu basikie. Kama ni kweli, utani wetu umekufa leo, na siku yako ikifika, utajizika mwenyewe."

Mama mzazi wa Théodore alikaa benchi la mbele. Hakumwondolea mwanawe macho.

"Ni utani," Théodore akasema mwishowe.

"Na Lambert?" nikamuuliza.

"Aingie ku kazi."

"Basi ikala hapa ku benchi, patron." Tukaanza tena tangu mwanzo, maana alikuwa amechelewa na nilitaka aone yote.