Ya Mufu Hatukate

...kodi yake inakatwa, basi anaishi, hivyo ndivyo alivyojipangia Odile miaka yote hii, na sasa huyu mtoto Rachida, karani mpya wa ofisi ya pensheni hapa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, anakuja kuharibu kila kitu na pipi yake mdomoni, hata kichwa hainui, "Mama Odile, sikia, kodi tunakata kwa pensheni ya muntu muzima, ya mufu hatukate, mujane anapata yote, sasa uniambie, bwana yako, baba Godefroid, iko?"... iko, siku zote alijibu iko, yule karani wa zamani hakuuliza iko wapi, akakata kodi ya Leta, na Odile akarudi nyumbani na furaha ya ajabu, asiyekuwapo na lake halipo, wanasema, lakini la mumewe lilikuwapo, linakatwa, na nani aliwahi kuona serikali ikimkata maiti? Leta, ndivyo Kindu nzima inavyoiita serikali, lakini leta ni leta pia, lete hapa, nipe, na ndilo neno lililomchukua, mwaka ule wa vita, Godefroid amestaafu juzijuzi, kaenda kituo cha treni kuwasalimia madereva wenzake tu, na koti lake la kazi linalonuka dizeli mwilini, mjinga wangu, wenye bunduki wakaingia na Kiswahili cha kwingine, mkubwa wao akanyoosha mkono, leta! ufunguo wa injini ndio aliotaka, na Godefroid, aliyekula mkate wa Leta ujana wake wote, akadhani anaitwa mtu wa serikali, akainua kidole kama mwanafunzi, "Niko hapa, mukubwa," wakacheka, oh walicheka, wakampandisha, Odile yuko kando ya reli na beseni lake la chikwange, mikate ya muhogo ya kuuza, anaona, injini ikashika njia ya Kibombo, ikarudi na dereva mwingine, na hakuna aliyethubutu kuuliza... harufu gani hii, dizeli, ndani ya ofisi? asigeuke, nyuma yake kwenye foleni yuko mzee Idrissa, mstaafu wa bandarini, amemsikia akirudi hatua moja na kusema kwa adabu, "Pita, baba, pita," kwa nani, na sasa kuna nafasi ya mtu mmoja kati yao, na nafasi hiyo inapumua shingoni kwake... si fedha, asije mtu akasema Odile anamuua mumewe kwa fedha, na ni fedha pia, Mungu anajua, mjukuu wake Elodie amefukuzwa shuleni kwa ajili ya minerval, karo ya shule, na kutwa nzima anakaa mlangoni na yunifomu yake, lakini kumtamkia kifo mtu ambaye hujamwosha, hujamfukia, kinywa kinapata wapi nguvu...

"Na ile kodi munakataka, inaendaka wapi?" anasikia sauti yake ikiuliza, na Rachida, "Kwa Leta, mama, wapi tena," na hapo anaelewa, kila akija hapa Leta inaita na yeye ndiye anayemjibia, iko, iko, niko hapa mukubwa, yeye Odile kwa mdomo wake ndiye anayemwinua kidole, anampandisha tena kwenye injini ile, mzee wa karibu miaka tisini, amechoka, na kumbe hakulishwa na kodi ile hata siku moja, alizuiwa tu, amesimama, anangoja kuruhusiwa... nisamehe, nilikupenda vibaya... na ile pumzi haisogei, haimsukumi, haimwombi kitu, "Mama, nauliza, baba iko?" Rachida bado hajainua kichwa, foleni imesimama palepale, na kitambaa cha Odile cha kichwani, ambacho dada zake walipaswa kumfungulia kama mjane siku ya kwanza ya kilio, siku ambayo hakuwahi kuipata, dada zenyewe wamekwisha kufa, basi mkono wake mwenyewe unapanda, taratibu, mbele ya watu wote, unatafuta fundo.